Hakuna, Haimo, Haikuonekana

Katika lugha yetu, mtu akiulizwa kama kitu kipo mahali fulani, ana njia nyingi za kukana. Aweza kusema hakipo, hakiko, hakimo, hakuna, hakikuonekana au hakijaonekana. Mwanafunzi mgeni wa Kiswahili huziona kauli hizi kuwa ndugu wa tumbo moja, na mwalimu mvivu humwambia achague yoyote aipendayo. Malenga hawezi kulikubali hilo. Po, ko na mo ni mahali patatu, -ku- na -ja- ni nyakati mbili, na ubeti mzima waweza kuanguka kwa kiambishi kimoja kilichokosewa. Leo nataka kuwazungumzia watu ambao kazi yao yote huishia katika kuchagua baina ya kauli hizo, nao si washairi. Ni wachambuzi wa maabara wanaotazama vumbi kwa hadubini na kuandika kama mna asbesto ndani yake ama la.

Asbesto twaijua zaidi kwa jina la paa. Shule, zahanati na nyumba za watumishi zilizojengwa miaka ya kati ya karne iliyopita bado zimeezekwa kwa zile karatasi za kijivu zenye mawimbi, ambazo watu huziita mabati ya asbesto ilhali hazina bati hata chembe. Ni saruji iliyotiwa nyuzi za jiwe ili ishikamane. Afrika Kusini ilipiga marufuku madini haya mwaka 2008, na Rwanda imekuwa na kampeni ya taifa ya kuyaondoa mapaa hayo. Paa zima lisiloguswa halina makeke. Likivunjwa, likakatwa kwa msumeno au kuachwa likaoza, nyuzi zake hupaa. Zikifika pafuni hukaa. Maradhi yake, ikiwamo saratani ya utando wa mapafu iitwayo mesotelioma, huchukua miaka 30, 40 na zaidi kujitokeza, na hapo mgonjwa keshasahau paa lilikuwa la nani.

Kwa hiyo neno la maabara ni zito. Mwalimu mkuu akipewa karatasi iliyoandikwa “hakuna”, atawaruhusu mafundi wapande na nyundo, na watoto watafagia uwanja jioni. Swali langu ni hili: huyu aliyeandika “hakuna”, nani amempima?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuelewe anachokifanya. Asbesto si jiwe moja. Ni jina la kibiashara la madini sita yaliyokutana kwa tabia ya kuchanika nyuzi: krisotili, amositi, krosidoliti, tremoliti, antofiliti na aktinoliti. Neno lenyewe ni la Kiyunani, na maana yake ni kisichozimika, jina la ajabu kwa kitu ambacho sifa yake ni kutowaka. Wafaransa walichukua neno jingine la Kiyunani, wakaiita amiante, yaani isiyochafuka. Krisotili ni uzi wa dhahabu. Krosidoliti imetokana na neno la manyoya ya kitambaa cha sufu. Majina mazuri yote haya! Ila amositi ndiyo inayonikera. Jina hilo halikutoka kwa Wayunani bali limeunganishwa kwa herufi za kampuni iliyoichimba Afrika Kusini, upande wa Penge. Kampuni iliingia katika kamusi ya madini. Wachimbaji walioivuta vumbi yake hawakuingia hata katika tanbihi. Huko huko Afrika Kusini, katika Rasi ya Kaskazini, ndiko madaktari walikokusanya habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma na kuzichapisha mwaka 1960, karibu wote wakiwa wameishi au kufanya kazi penye krosidoliti. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba hakujua.

Watu wa soko huyaita madini haya matatu makuu kwa rangi: nyeupe kwa krisotili, kahawia kwa amositi, buluu kwa krosidoliti. Mchambuzi anayeyategemea majina hayo atapotea. Krosidoliti iliyopigwa na moto mkali hupoteza buluu yake. Rangi zote humezwa na saruji na masizi. Ndiyo maana mchambuzi huanza kwa kuchambua nyuzi kwa kibano, huutazama umbo lake, kisha hulaza uzi mmoja katika tone la mafuta maalumu juu ya kioo na kuupitishia mwanga uliochujwa ukabaki wa mwelekeo mmoja. Mafuta hayo huchaguliwa kwa jinsi yanavyoupinda mwanga. Kwa krisotili hutumika yenye kipimo cha 1.550, kwa amositi 1.670, kwa krosidoliti 1.700. Uzi na mafuta vikikaribiana katika kuupinda mwanga, kingo za uzi huvaa rangi zake za kutambulika, na mchambuzi mzoefu huzijua kama mama ajuavyo sauti ya mwanawe. Hugeuza meza ya hadubini aone uzi unavyozimika gizani na kurudi. Krisotili hujipinda kama nywele za kipilipili zilizolegezwa. Nyingine tano ni nyofu. Krosidoliti ina kaida yake ya kubadili rangi pale ambapo wenzake wote hufanya kinyume.

Na wapo walaghai. Wachambuzi huonywa kuhusu nyuzi za plastiki, vumbi la ngozi, manyoya ya ndege na hata utando wa buibui, ambavyo vyote vyaweza kujifanya krisotili mbele ya jicho lililochoka. Kinyume chake pia hutokea: vigae vya plastiki vya sakafuni huficha nyuzi nyembamba kiasi kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kuziona, nazo zimo. Uzi mmoja mmoja wa krisotili, ukichanuliwa hadi mwisho, ni mwembamba kuliko kitu chochote ambacho mwanga wa kawaida waweza kukionyesha. Hapo huhitajika hadubini ya elektroni, chombo ambacho bei yake sitaitaja nisije nikawakatisha tamaa.

Basi huyu mtu hupimwaje? Hupimwa kwa fumbo. Wataalamu huita kazi hii upimaji umahiri, na kuna kanuni ya kimataifa inayoiongoza, ISO/IEC 17043. Mwandaaji huandaa vipande vya vitu ambavyo yeye anajua vina nini: kipande cha saruji chenye amositi, pamba ya kuhami joto isiyo na asbesto kabisa, lami yenye krisotili kidogo iliyojificha. Huvipa namba badala ya majina, huvifunga vizuri na kuvituma kwa maabara nyingi kwa wakati mmoja. Kila maabara hujibu pasipo kujua wenzake wamejibu nini. Kisha mwandaaji hufungua daftari na kulinganisha. Aliyeikosa asbesto iliyokuwamo huambiwa. Aliyeiona isiyokuwamo huambiwa. Aliyeiona lakini akaiita kwa jina lisilo lake huambiwa pia.

Wapenzi wa mashairi, je, mchezo huu si wetu? Malenga wa pwani alikuwa akitunga fumbo na kulituma mji wa pili, na waliojibu walipimwa kwa majibu yao mbele ya hadhira. Fumbo lilikuwa mtihani wa umahiri kabla ya neno hilo kuingia maabara. Nami nimejaribu kulitunga langu, mwenye jibu keshalijua:

Nina uzi wa jiweni, kwa moto haukuwaka,
Walala mwangu darini, watoto chini wacheka,
Ukiingia pafuni, wangoja mingi miaka,
Niambieni ni nini, malenga msiochoka.

Tofauti ni kwamba mshairi aliyeshindwa kufumbua alichekwa akaenda zake. Maabara iliyoshindwa kufumbua imeshatoa vyeti kwa watu.

Mipango mikongwe ya aina hii ipo Uingereza, chini ya maabara ya serikali ya afya na usalama kazini iliyoko Buxton. Mpango wa kutambua asbesto katika vifaa unaitwa AIMS. Ule wa kuhesabu nyuzi za hewani kwa maabara za Uingereza unaitwa RICE, ambalo kwa Kiingereza ni mchele. Na ule wa kuhesabu kwa maabara za nchi nyingine unaitwa, wallahi sikuzushi, AFRICA. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya utaratibu wa kawaida usio rasmi wa kuhesabu nyuzi za asbesto. Nilipoliona jina hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Bara lililotoa amositi yote na krosidoliti nyingi ya dunia limekuwa kifupisho katika mpango ambao maabara zetu chache ndizo humo. Siwalaumu waliolitunga, watu wa sayansi hupenda vifupisho vyenye utamu. Ila nasema jina hilo ni deni. Kama kuna upimaji uitwao Afrika, basi Afrika iwemo.

Marekani nao walilifikia jambo hili kwa njia ya shule. Sheria yao ya mwaka 1986 kuhusu asbesto katika majengo ya shule haikutosheka na kuamuru ukaguzi. Iliitaka taasisi ya taifa ya vipimo ianzishe utaratibu wa kuzipa maabara ithibati, na upimaji kwa sampuli za fumbo ukawa sehemu yake. Waliona mapema jambo ambalo sisi twalichelewa: kuamuru watu wapime bila kuwapima wapimaji ni kuchota maji kwa pakacha.

Hata hivyo nina ugomvi na mipango hii, nao ndio hasa ulionisukuma kuandika. Karibu yote hutangaza ujio wake. Kifurushi hufika kikiwa na nembo ya mwandaaji, na kila mtu maabarani hujua kwamba hiki ndicho kipimo. Sampuli hiyo haipewi kijana aliyeanza kazi mwezi uliopita, hupewa mkongwe. Hatazami dakika kumi, hutazama asubuhi nzima, na mwenzake huja kuhakiki. Hapo kinachopimwa ni kilele cha uwezo wa maabara. Mteja wa kawaida halipii kilele. Hulipia alasiri ya Ijumaa, sampuli ya ishirini na saba ya siku, macho yakiwa mekundu na dereva akipiga honi nje. Mshairi hukumbukwa kwa ubeti wake bora. Fundi wa usalama hukumbukwa kwa siku aliyolegea.

Dawa yake inajulikana. Sampuli ya fumbo na ije imevaa nguo za mteja. Mtu alete mfuko wa vumbi kama waletavyo wengine, alipe, achukue risiti, aondoke, na maabara isijue ilipimwa hadi matokeo yatoke. Huko Houston, Marekani, maabara ya uchunguzi wa jinai imekuwa ikichanganya sampuli za majaribio na kesi halisi tangu 2015 pasipo wachunguzi kuambiwa ni ipi. Kama jambo hilo lawezekana kwa alama za vidole na damu, lawezekana kwa saruji. Najua hoja za upande wa pili. Ni ghali. Ni vigumu kuiga mteja kikamilifu. Kusafirisha asbesto kwa hila kuna hatari zake na sheria zake. Zote ni hoja za kweli, na hakuna hata moja inayosema kwamba upimaji wa kutangazwa unatosha. Sisemi ule wa wazi ufutwe. Maabara ikishindwa hata siku iliyojiandaa, ni heri tujue. Nasema usiachwe peke yake, na matokeo yasifungiwe kabatini. Mwenye nyumba anayechagua maabara ana haki ya kusoma ilivyofanya katika duru zilizopita, kama vile msomaji wa mashairi alivyo na haki ya kusoma diwani kabla ya kumsifu mtunzi.

Kuhesabu nyuzi za hewani ni shughuli nyingine, na ina mtego wake wa kifalsafa. Hapo mchambuzi hapewi kipande cha paa bali kichujio kilichovuta hewa, na kazi yake ni kuhesabu. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1997, uzi wa kuhesabiwa ni ule uliozidi mikromita 5 kwa urefu, usiofika mikromita 3 kwa upana, na ambao urefu wake ni zaidi ya mara tatu ya upana. Kanuni ni nyoofu. Nyuzi si nyoofu. Zipo zilizochanika ncha zikawa kama ufagio. Zipo zilizopishana, zilizojificha nyuma ya chembe, zilizokatwa na mpaka wa duara la kuhesabia. Je, ni uzi mmoja au miwili? Watu wawili waaminifu, wenye macho mazuri, hutoka na hesabu mbili. Na mwandaaji mwenyewe hana daftari la siri lenye idadi ya kweli, kwa kuwa hakuna aliyezimimina nyuzi zile moja moja. Katika duru hizi ukweli hutafutwa kwa kuzungusha vioo vilevile maabara kwa maabara, na kila mmoja hupimwa kwa umbali alioachana na hesabu ya wengi.

Hili lapaswa kuwakumbusha wanalugha jambo wanalolijua. Nani aliyeamua kwamba lafudhi hii ni sanifu na ile si sanifu? Wengi, au waliodhaniwa kuwa wengi. Wengi wakikosea pamoja, aliyepatia huonekana mpotovu. Maabara nazo zaweza kuzoeana, zikafundishana kutoziona nyuzi nyembamba, na wastani ukashuka pole pole pasipo mtu kuugua moyoni. Ndiyo sababu vioo vya zamani vyenye hesabu zinazoaminika vina thamani kuliko mashine mpya. Huwa kama kaida ya malenga wa kale, ambayo twaweza kuipinga lakini si kwa kutokujua.

Nirudi kwenye viambishi, maana hapo ndipo sisi tuna la kuchangia. Mwezi Oktoba 2019, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kuwa imeona krisotili kidogo mno katika chupa moja ya poda ya watoto ya Johnson & Johnson. Kampuni iliyaondoa sokoni makopo yapatayo 33,000 ya toleo lile, na siku chache baadaye ikatangaza kwamba maabara ilizozikodi hazikuona asbesto. Umma ulisikia “imo” na “haimo” na kuamini kwamba mmoja kati yao lazima awe mwongo. Lakini maabara zaweza kukitazama kitu kimoja kwa vyombo tofauti, katika vijichembe tofauti vya unga uleule, na kila moja ikasema kweli juu ya ilichokiona. Kilichopotea ni kiambishi. “Haimo” ni kauli juu ya unga. “Haikuonekana” ni kauli juu ya mtazamaji.

Ripoti nyingi ambazo wasomaji wa Kiswahili hukabidhiwa huandikwa kwa Kiingereza, kisha mtu fulani ofisini humweleza mwenye jengo kwa mdomo. Hapo ndipo “haikuonekana kwa njia iliyotumika” hugeuka “hakuna kitu, mzee, endeleeni”. Upimaji umahiri wa dunia nzima, na kanuni zake zote, huvunjikia katika sentensi hiyo moja ya kirafiki. Maabara imefaulu fumbo, tafsiri imeanguka.

Msimamo wangu ni kwamba ripoti ya asbesto kwa Kiswahili isiwe na neno “hakuna” kamwe. “Hakuna” halina mipaka. Ni neno la Mungu au la mjinga. Lisiwemo pia “haimo”, kwa kuwa -mo inadai kuijua ndani yote ya kitu, na mchambuzi amechukua kijipande tu. Yupo rafiki yangu, mtunzi mzuri, anayependekeza “haijaonekana”, akisema kwamba -ja- inaacha mlango wazi na kumpa msomaji tahadhari. Namheshimu lakini simwafiki. “Haijaonekana” inaahidi kuwa mtu bado anatafuta, na ukweli ni kwamba sampuli imeshatupwa, ankara imelipwa, mchambuzi yuko kwenye nyingine. Kauli iliyo adilifu ni “haikuonekana”, yenye -ku- ya tendo lililokwisha, ikifuatwa na mambo matatu bila kukosa: sampuli ipi, chombo kipi, na kiasi gani chombo hicho hakiwezi kukiona. Ni sentensi ndefu. Na iwe ndefu.

Yabaki maneno ya kitaaluma. “Upimaji umahiri” nimelitumia kwa kuwa linaeleweka, ijapokuwa “umahiri” kwetu lina harufu ya sifa, nasi twahitaji neno lisilosifu wala kukashifu. Kwa kipande kinachotumwa bila jina, napendekeza sampuli ya fumbo, na kwa kile kinachokuja kimejivika uteja, sampuli ya kificho. Wale wa BAKITA wanaotusoma wataona kama yanafaa kwenda mezani. Kwa kosa la kuikana asbesto iliyopo bado sijapata neno linaloniridhisha. “Hasi ya uongo” imekaa kama tafsiri ya mwanafunzi, na “kanusho potofu” linamtia mchambuzi nia mbaya ambayo pengine hakuwa nayo. Mwenye neno jema alilete, na akiweza alilete ndani ya ubeti wa kulijibu fumbo langu, kwa vina vile vile vya -ni na -ka.